Rushwa Ina Mikono Miwili: Adhabu kwa Mkandarasi wa Nje

Rushwa inapogunduliwa katika mradi wa serikali, kwa kawaida macho yote humwelekea mpokeaji. Ofisa hufukuzwa kazi na kufungwa. Mtoaji hupanda ndege akaenda kutafuta zabuni katika nchi nyingine. Adhabu ya namna hiyo hukata tawi na kuuacha mzizi.

Lesotho ilifuata njia tofauti. Kwa mkataba wa 1986 na Afrika Kusini, nchi hiyo ndogo ilianza mradi mkubwa wa maji ya nyanda za juu, na makampuni ya ng'ambo yakapewa kazi. Masupha Sole, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa mamlaka ya mradi huo, alilipwa hongo kupitia kwa mawakala katika mabenki ya Uswisi. Mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha miaka 18, ambacho mahakama ya rufani ilikipunguza kuwa miaka 15. Mwaka huo huo kampuni ya Acres International ya Kanada nayo ilitiwa hatiani. Baada ya rufani ya 2003 faini yake ikawa maloti milioni 15. Lahmeyer ya Ujerumani ilitiwa hatiani mwaka 2003.

Tunajifunza nini hapa?

Kwanza, uwakala ni pazia. Acres ilijitetea kwamba ilimlipa mwakilishi kwa huduma zake tu. Mahakama ilifuata njia ya fedha, wala haikudanganywa na jina la malipo.

Pili, faini peke yake haitoshi. Mkandarasi aweza kuihesabu kuwa gharama ya biashara na kuipachika katika bei ya zabuni ijayo, mwananchi akailipa. Kufungiwa zabuni ndiko kunakomuuma. Benki ya Dunia iliifungia Acres kwa miaka 3 mwaka 2004, na Lahmeyer kwa miaka 7 mwaka 2006.

Tatu, haki nayo yataka kujitegemea. Mapema mwaka 2002 Benki hiyo hiyo iliona ushahidi dhidi ya Acres hautoshi. Ilibadili msimamo baada ya hukumu ya Lesotho. Mnyonge akingoja tajiri amhukumu tajiri mwenzake, atangoja sana.

Kwa hiyo, ndugu, kada anayekabidhiwa mkataba hana budi kuuliza kabla ya kutia sahihi: wakala ni nani? Analipwa kiasi gani, kwa kazi ipi, na katika benki gani? Asiyeweza kujibu asipewe kazi.