Kilele cha setilaiti? Simu yako inatosha kukipata

Wewe uliye Kaloleni, hapa Voi, tuseme ukweli. Ukisikia mtu anataja obiti ya setilaiti, unafikiria hayo ni mambo ya watu wa mbali, si ndio? Basi jua kwamba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kuchunguza eksirei zinazotoka angani ilirushwa Pwani hii hii yetu.

Ilikuwa Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Roketi ya Marekani ilifyatuliwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Ngomeni, kaunti ya Kilifi. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilizunguka ukanda wa ikweta bila kuvuka nyuzi 3 kaskazini wala kusini. Voi iko nyuzi 3 na kidogo kusini. Yaani kila mzunguko ilikatiza anga yetu.

Sasa swali: ilipanda juu kiasi gani?

Setilaiti haizunguki kwa duara kamili. Njia yake ni duaradufu, kama duara lililobanwa kidogo. Kwa hivyo kuna mahali inaikaribia dunia zaidi, na upande wa pili kuna kilele, yaani mahali inapokuwa mbali zaidi. Ukijua vitu viwili, muda wa mzunguko mmoja na kimo cha chini kabisa, kilele unakipata mwenyewe. Siri aliitoa Johannes Kepler mwaka 1619: muda wa mzunguko unafungamana na urefu wa njia. Njia ikiwa kubwa, muda nao unaongezeka, na kwa kanuni isiyobadilika.

Toa simu, fungua kikokotoo, ilaze upande ili vitufe vya hesabu kubwa vitokee. Rekodi za NASA zinasema Uhuru ilizunguka kwa dakika 96, na kimo chake cha chini kilikuwa kilomita 520.

Kwanza, zidisha dakika kwa dakika: 96 mara 96 ni 9,216.

Pili, tafuta kipeuo cha tatu, yaani namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu unapata 9,216. Ni 20.966.

Tatu, zidisha kwa 331.25. Namba hii inatokana na nguvu ya mvutano wa dunia. Ungekuwa unahesabu chombo kinachozunguka mwezi, ingebadilika. Unapata kilomita 6,945, nusu ya urefu wa duaradufu. Urefu mzima ni 13,890.

Ndani ya urefu huo mna vitu vitatu tu: kipenyo cha dunia, kimo cha chini na kilele. Kipenyo kwenye ikweta ni kilomita 12,756. Basi 13,890 toa 12,756, toa 520. Jibu ni 614.

Hapo sawa? Ngoja kwanza. Rekodi hizo hizo zinasema kilele kilikuwa kama kilomita 560. Sisi tumezidisha kwa 54, karibu safari ya kwenda Mwatate na kurudi! Hesabu haina kosa. Ni zile dakika 96. Ukirudi nyuma kutoka kilomita 560, unakuta muda hasa ni kama dakika 95.4. Mtu alikadiria tu ili namba iwe nzima. Sekunde 34 hivi zikaleta kilomita 54. Kwenye mambo ya anga, "kama saa moja na nusu hivi" haikusaidii.

Na kilele si namba ya kujisifia tu. Hata kule juu kuna hewa nyembamba sana inayoivuta setilaiti, na huivuta zaidi inapopita chini. Kila ikivutwa, inakosa kasi ya kufika juu kama mwanzo, kwa hivyo kilele kinashuka. Ukiona kilele kinapungua kila wiki, jua siku za setilaiti hiyo zinahesabika. Uhuru iliacha kazi mwaka 1973, ikaendelea kushuka kimya kimya, na Aprili 5, 1979 ikaingia kwenye anga nzito na kuangamia.

Unataka kujaribu? Chukua ISS, kile kituo cha anga cha kimataifa ambako 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa Mei 11, 2018. Data zake ziko bure mtandaoni. Usichukue muda uliokadiriwa. Tafuta idadi ya mizunguko kwa siku, yenye desimali zake zote, kisha gawanya 1,440 kwa namba hiyo upate dakika. Funika kilele kwa kidole, piga hesabu, halafu ondoa kidole uone umefika karibu kiasi gani.