Hana alibaki nyumbani



Jumapili iliyopita, baada ya ibada katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, dada mmoja mjamzito alinisubiri nje ya kanisa. Anatarajia kujifungua mwezi wa Novemba.

“Mchungaji,” akasema, “kliniki wanatuambia mtoto apewe maziwa ya mama tu kwa miezi sita, hata maji asipewe. Mama mkwe anasema kwa joto hili mtoto atakauka kwa kiu. Nimsikilize nani?”

Huku kwetu ni nadra mjamzito kujiuliza kama atanyonyesha au la. Karibu kila mama hunyonyesha. Swali linalomkosesha usingizi ni kama atampa mtoto maziwa yake peke yake, au atachanganya na maji, uji mwepesi na maziwa ya ng’ombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miezi sita nchini, 64 walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Hao wengine 36 hawakukosa upendo. Mara nyingi kikombe cha maji hutolewa na bibi anayempenda mjukuu kupita kiasi.

Kuhusu kiu, wauguzi wanasema kweli. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, zaidi ya asilimia 80, ni maji. Mtoto akisikia joto hunyonya mara nyingi zaidi, na anayehitaji kunyweshwa maji ni mama. Tunayajua maji yetu ya dumu, yanavyotoka kisimani na yanavyokaa. Tumbo la mtoto wa mwezi mmoja haliyawezi.

Lakini jibu hilo halikutosha, nami nilikwenda na Biblia yangu nyumbani kwao siku ya Jumatano. Tulisoma habari za Hana, Samweli wa Kwanza sura ya kwanza. Tumezoea kuhubiri machozi yake na nadhiri yake, tukaruka kilichofuata. Mtoto alipozaliwa, safari ya kila mwaka ya kwenda Shilo ilifika, na Hana akakataa kwenda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Safari yenyewe ilikuwa ya ibada! Naye Elkana hakumwita mkaidi wala hakuitisha kikao cha ukoo. Alimwambia afanye aonavyo vema, akakubali abaki. Hana aliamua, na mume akaubeba uamuzi huo pamoja naye.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Amelea watoto saba, na sikuthubutu kumfundisha ulezi. Kisha akauliza, “Sawa, maji sitampa. Mvua ikinyesha Desemba, nani atalima?”

Hapo nilinyamaza. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, na uwele usipopandwa kwa wakati nyumba italala njaa. Mtoto atakuwa hajatimiza hata miezi miwili. Mama akienda shambani tangu alfajiri na kumwacha mtoto kwa bibi, bibi atafanya nini akilia, kama si kukoroga uji?

Mjini ni vivyo hivyo, ila jembe linageuka kuwa ofisi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wamekuja mabinti wengi ambao mama zao wako Bukoba au Mbeya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wakubwa wa ofisi mlio waumini, mnawapa? Binti Farao alimlipa mama yake Musa mshahara amnyonyeshe mtoto, na yule hata hakuwa wa nyumba ya Israeli.

Niseme pia kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi: usiamue peke yako kwa hofu. Akitumia dawa zake vizuri, mama huyo naye hushauriwa kunyonyesha. Zungumza na mhudumu wa kliniki mapema, kabla ya kujifungua. Na yule ambaye maziwa yamegoma au ugonjwa umemzuia, kanisa lisimnyooshee kidole.

Tulipomaliza kuomba, mume aliyekuwa kimya muda wote alisema kuni na maji atabeba yeye. Mwenyekiti wa akina mama akatoa daftari. Mkija kumtazama mzazi, akasema, msilete sabuni tu, njooni na majembe. Akaandika zamu za kupanda. Jumanne ni ya wanakwaya.