Jinsi watafiti wanavyoweza kugawana kiwanda cha chipu za kwantamu

KUUNDA chipu ya kompyuta ya kwantamu si kazi inayoweza kufanywa na chuo kikuu chochote kile. Huhitaji chumba kisicho na vumbi, mitambo inayogharimu mamilioni ya dola na mafundi waliobobea. Ndiyo maana mawazo ya wanasayansi wengi huishia madaftarini.

Suluhisho linalopendekezwa ni kiwanda cha pamoja, ambako watafiti hupeleka michoro yao na kurejeshewa chipu zilizo tayari.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1979, mtaalamu Lynn Conway na wenzake katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, jimboni California, walipokea michoro ya chipu za kawaida kutoka vyuo vikuu kadhaa vya Marekani kupitia mtandao wa Arpanet. Michoro hiyo iliunganishwa, ikachapwa kwenye visahani vilevile vya silikoni.

Mpango huo ulifanana na matangazo madogo madogo yanayogawana ukurasa mmoja wa gazeti. Kila mwenye tangazo hulipia nafasi yake tu, wala halazimiki kununua mtambo wa kupigia chapa.

Ufanisi huo ulizaa huduma ya MOSIS, iliyoanzishwa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Southern California na ambayo tangu hapo imeshughulikia zaidi ya miundo 50,000.

Hata hivyo, chipu za kwantamu zina ugumu wake. Aina mojawapo hutumia metali ambazo hupitisha umeme bila ukinzani wowote zinapopozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sufuri katika kipimo cha Selisiasi. Moyo wake ni kiungo cha tabaka mbili za alumini zilizotenganishwa na utando usiofika nanomita tatu, yaani sehemu tatu za milioni ya milimita.

Tabia ya viungo vya namna hiyo ilitabiriwa na Mwingereza Brian Josephson mwaka 1962. Majaribio yaliyovitumia katika miaka ya themanini yaliwapatia John Clarke, Michel Devoret na John Martinis Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2025.

Utando huo ukizidi unene kidogo tu, kyubiti, ambayo ndiyo kiini cha hesabu za kwantamu, hubadilika masafa na pengine isilingane na jirani zake. Kwa hivyo, swali la kwanza kwa wapangaji ni kanuni za uchoraji. Zikikazwa mapema mno, uvumbuzi utadumaa maadamu sayansi yenyewe ingali inabadilika. Zikilegezwa, kila chipu itatoka kivyake na hakuna atakayeamini matokeo ya mwenzake.

Swali la pili ni upimaji. Chipu ya kawaida hupimwa mezani, ilhali hii huhitaji jokofu maalumu ambalo vyuo vingi havina. Kiwanda kinaweza kupima ukinzani wa viungo katika joto la kawaida na kukadiria masafa kabla ya kusafirisha chipu, lakini uhai wa kyubiti hujulikana tu baada ya kupozwa.

Tayari hatua kadhaa zimepigwa. Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT huwaundia chipu watafiti walio Marekani kupitia kiwanda cha SQUILL. Nayo kampuni ya Intel ilizindua mwaka 2023 chipu ya silikoni yenye kyubiti 12, Tunnel Falls, na kuzigawia maabara za utafiti. Nchini Uholanzi, kampuni ya QuantWare huuza chipu kwa yeyote anayejenga kompyuta yake.

Swali la tatu, na zito zaidi, ni nani atakayeruhusiwa kuingia. Mnamo Septemba 2024, Marekani iliweka masharti ya kuuza nje kompyuta za kwantamu na vipuri vyake, kwa hoja ya usalama wa taifa.

Mpango wa 1979 uliwafungulia wanafunzi wa kawaida mlango wa taaluma iliyokuwa miliki ya kampuni kubwa. Kiwanda cha pamoja kikiwahudumia raia wa nchi moja pekee, gharama itapungua kwao, lakini mtafiti wa nchi isiyo na chumba wala jokofu ataendelea kusoma matokeo ya wenzake bila kuweza kuyahakikisha.