Urithi Ulioingia Kutu

Katika ua wa nyumba moja ya Makole, mjini Dodoma, lilikuwapo trekta dogo la aina ya Ferguson, limesimama chini ya mkwaju tangu mwenyewe alipofariki dunia. Kuku walitaga chini ya kiti chake. Siku moja akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akataka kulinunua kwa kilo. Mama wa nyumba akasita, maana miongoni mwa warithi wamo watoto wawili wasiobaleghe. Ndipo tulipoitwa kutoa shauri, na hayo tuliyoyaona twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa vijana.

Shauri la kwanza halikuwa la spana bali la sharia. Mali ya marehemu, yakisha lipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake, ni ya warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake, na mjane mwenye watoto hupata thumni. Fungu la yatima ni amana. Kuliuza trekta kwa bei ya chuma kitupu, ilhali huenda likafanya kazi, ni kumpunguzia yatima. Na kuitumia fedha yake katika matengenezo yasiyo na hakika, hilo nalo ni hatari. Ndugu wakubwa wakakubaliana neno jema: gharama wataitoa mifukoni mwao wenyewe, na trekta likipona, fedha ya kulimia watu itagawanywa kwa mafungu ya mirathi. Mnunuzi akaambiwa arudi baada ya miezi miwili.

Trekta hili si la kudharauliwa. Matrekta ya namna yake zaidi ya 500,000 yaliundwa Uingereza tangu mwaka 1946 hata 1956. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliliunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya oili, hata chombo chenye uzito wa tani moja na kitu kikaweza kulima pasipo kuinuka mbele. Mwezi wa Januari 1958, Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya aina hii. Chombo kilichovuka barafu ile twaliona kinastahili kutazamwa mara ya pili.

Hata hivyo, wazee wa Dodoma wana sababu ya kuyatilia shaka matrekta. Mashariki ya mji huu iko Kongwa, ambako mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga. Ilikusudiwa kufyekwa ekari 3,210,000, sehemu kubwa yake katika Tanganyika. Yakaletwa matrekta yaliyokwisha tumika vitani, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000, lakini haikupatikana hata sehemu moja katika kumi. Mvua ilikuwa haba, udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mchanga wake ukala vyuma, na mashine zikaharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuzitengeneza. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, zimekwisha potea pauni milioni 36. Mashine zilitangulia, na ujuzi wa mahali ukafuata nyuma.

Vijana wa Makole walishika njia nyingine. Walimwendea fundi mzee, naye akakaa siku nzima akilitazama trekta bila kugusa kitu. Kisha akawaeleza kwamba kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Ukavu wa Dodoma ulikuwa umelihifadhi trekta lile. Mahali palipoharibika ni pale maji ya mvua yalipotuama. Injini ilikuwa imekwama, pistoni zimeshikana na silinda. Kijana mmoja akataka livutwe kwa gari ili lilegee. Mzee akamkataza, akasema kwamba chuma kilichokwama ukikilazimisha kitavunjika.

Wakafungua plagi nne, wakamimina katika kila tundu oili ya giaboksi iliyochanganywa na dizeli, wakaacha. Huku wakingoja, waliosha tangi la petroli kwa siki na vijiwe vidogo, wakalisuuza na kulikausha. Mzee aliwaonya wasilitie moto wala wasilichomelee, kwa kuwa mvuke wa petroli hukaa katika tangi lililo tupu, nao huua. Mabati wakayasugua kwa brashi ya waya na msasa, wakayapaka rangi ya kuzuia kutu.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, injini haikutikisika. Wiki ya tatu kaka mkubwa, ambaye fedha yake ndiyo iliyokuwa ikitoka, alisema wazi kwamba yafaa aitwe yule mwenye mizani. Hatukuwa na jibu la kumpa. Mama akaomba siku tatu tu. Siku ya pili, hendeli ikasogea upana wa ukucha. Wakairudisha, wakaisogeza tena, hata jioni ikazunguka duara zima. Mzee akawafundisha kuishika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwani injini ikirudi nyuma ghafula huvunja kidole.

Oili chafu ikamwagwa na mpya ikatiwa, kabureta ikasafishwa, mipira ya maji ikabadilishwa, ikaletwa betri. Siku ya Ijumaa baada ya sala, mkono wa gia ukapelekwa kwenye herufi S, kwani ndipo Ferguson huwashwa. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika. Mara ya nne likanguruma, na kuku wote wakaruka ukuta.

Halikupelekwa shambani siku ile. Breki zilikuwa dhaifu, na mzee akakataa liondoke uani mpaka zitengenezwe. Mvua za Desemba ziliponyesha, lilikwisha kuwa tayari.

Katika Kurani Tukufu imo sura iitwayo Chuma, na Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma na Mola wake akaunda deraya. Basi asione haya kijana Mwislamu ambaye mikono yake inanuka oili.

Mnunuzi alirudi na mizani yake kama alivyoahidi. Akakaribishwa chai, akaketi akitazama. Mama alikuwa na daftari magotini, akiandika fedha ya ekari za kwanza: thumni yake, mafungu ya wakubwa, na katika ukurasa wa peke yao, mafungu ya wale wadogo wawili. Mwenyezi Mungu atujalie sote kuzihifadhi amana. Amin.