Riwaya na Maisha (Sehemu ya Tatu): Utoto wa Mtunzi Ndani ya Mhusika

Riwaya nyingi za kwanza husimama juu ya utoto wa mtunzi, kwa kuwa huo ndio mkondo wa maisha ambao kijana amekwisha kuuvuka na anaweza kuutazama mzima. Hata hivyo, mhusika si nakala ya mtunzi. Mtunzi huchagua, huunganisha, na mara nyingine hubadilisha hatima.

Mwaka 1824, Charles Dickens akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, London, naye Charles alipelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu. Katika riwaya yake David Copperfield kiwanda kimekuwa ghala la mvinyo, na baba mdaiwa amegeuka Bwana Micawber, ambaye si mzazi wa David bali ni mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Utengano huo ulimwezesha Dickens kumsawiri mtu yule kwa kicheko na huruma, bila kinyongo cha mwana.

Mfano wa mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, una mengi zaidi ya kufunza. Riwaya yake Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964. Tawasifu ya utoto wake, Dreams in a Time of War, ilitoka mwaka 2010. Zikisomwa pamoja, karakana ya mtunzi huonekana wazi.

Jambo moja limepita kutoka maishani hadi riwayani karibu bila kuguswa. Riwaya inaanza na Nyokabi akimuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule, akimtahadharisha kuwa wao ni maskini na huenda asipate chakula cha mchana. Ndivyo mama yake Ngũgĩ, Wanjikũ, alivyomuuliza Ngũgĩ mwenyewe.

Kwingineko mkono wa mtunzi umefanya kazi kubwa. Ngũgĩ alikuwa na kaka wa kambo aliyepigana Vita Vikuu vya Pili, na kaka mwingine aliyeingia msituni na Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni. Katika riwaya wote wawili wamekuwa mtu mmoja, Boro, na hasira ya askari aliyerudi mikono mitupu ndiyo inayompeleka msituni. Baba naye amebadilishwa. Babake Ngũgĩ alikuwa na wake wanne, na hatimaye mama yake Ngũgĩ aliondoka akarudi kwa wazazi wake. Ngotho wa riwayani ana wake wawili wanaoishi kwa amani. Badiliko hili ni la maana sana: nyumba imetulizwa makusudi, ili msomaji aone kwamba kilichoivunja ni ukoloni na vita.

Badiliko zito kuliko yote ni hatima ya Njoroge. Ngũgĩ alijiunga na Alliance High School mwaka 1955, na aliporudi likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Hata hivyo alimaliza masomo na kufika chuo cha Makerere, ambako riwaya hiyo iliandikwa. Njoroge yeye anatolewa shuleni Siriana, anateswa kwenye kituo cha homugadi (askari wa kienyeji wa serikali ya kikoloni), na ndoto ya elimu inakufa. Mtunzi aliyenusurika amempa mhusika wake yale yaliyowapata wasionusurika.

Anayetaka kuyaona haya mwenyewe aanze na riwaya, kisha aisome tawasifu.