Tovuti ya Msikiti Inapozimika: Tuanzie Wapi?

Misikiti na madrasa nyingi nchini sasa zina tovuti. Humo huwekwa nyakati za swala, fomu za kuandikisha watoto, matangazo ya misiba na nikaha, hesabu za ujenzi na namba ya kupokelea michango. Tovuti ya namna hiyo inapotoweka ghafla, maneno hutangulia uchunguzi: wapo watakaosema katibu amezembea, na wapo watakaouliza fedha zimekwenda wapi. Sisi tunaohudumu katika kamati hapa Bariadi tunaona ni vema kila familia ielewe hatua chache za kutafuta chanzo, kwani jambo linalogusa mali ya waumini halifai kuhukumiwa kwa dhana.

Hatua ya kwanza ni kujua kama iliyozimika ni tovuti yenyewe au njia ya kuifikia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mkoa wetu wa Simiyu hauna pwani. Hata hivyo, mtu wa Maswa au Meatu aliyeshindwa kufungua tovuti siku ile alikuwa ameguswa na waya uliokatika chini ya bahari. Tovuti nyingi zilikuwa hai katika seva zake, ila njia ya kuzifikia ilikuwa imekatika. Katika hali kama hiyo, kumlipa fundi ili atengeneze tovuti ni kupoteza fedha za msikiti.

Basi tujaribu kwanza kufungua tovuti nyingine mbili au tatu. Kisha tuhame kutoka mtandao wa nyumbani kwenda bando la kampuni nyingine ya simu. Baada ya hapo tumpigie ndugu aliyeko Mwanza au Dodoma, tumwombe ajaribu naye. Ikifunguka kwake, tatizo liko upande wetu. Isipofunguka popote ilhali tovuti nyingine zinafunguka, tatizo liko kwenye tovuti.

Hatua ya pili ni kusoma ujumbe unaotokea kwenye kioo cha simu, na kuuhifadhi kwa picha ili fundi auone. Namba 404 huonyesha kuwa seva inafanya kazi, ila ukurasa ulioombwa haupo. Namba 500, 502 au 503 huonyesha kuwa seva imefikiwa lakini imeshindwa kutoa huduma, ama kwa kuelemewa ama kwa hitilafu ya programu. Onyo kwamba tovuti si salama mara nyingi hutokana na cheti cha usalama kilichokwisha muda. Hapo tuangalie pia tarehe ya simu yetu, maana simu yenye tarehe isiyo sahihi hutoa onyo hilo hilo hata kama cheti ni kizima. Ujumbe kwamba anwani haikupatikana hutufikisha kwenye hatua ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Hatua ya tatu ni ada. Tovuti husimama juu ya mikataba miwili: wa jina na wa nafasi katika seva. Kila mmoja una muda wake, na mmoja ukiisha, mwingine hautoshi. Hata wakubwa huteleza hapa. Mwezi Desemba 1999, kampuni ya Microsoft ilichelewa kulipia jina la passport.com, na watumiaji wengi wa barua pepe za Hotmail wakashindwa kuingia, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani alipolipa dola 35 kwa niaba yake. Huyo alikuwa mtu mwema. Jina lililoachwa mpaka likafutwa kabisa linaweza kuchukuliwa na yeyote, akaweka humo kamari, au akaiga sura ya tovuti ya msikiti na kubadilisha namba ya michango peke yake.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuelekeza kuandika deni lenye muda maalumu na kuweka mashahidi. Adabu hiyo inafaa sana katika jambo hili. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi wala la katibu. Barua pepe inayopokea taarifa za ada iwe ya kamati, isomwe na watu wawili au zaidi. Tarehe ya mwisho ya kila mkataba iandikwe katika daftari la vikao, na nywila ziwekwe katika bahasha iliyofungwa mbele ya mashahidi, ili kiongozi akihama au akifariki, amana isipotee pamoja naye. Nakala ya yaliyomo itunzwe nje ya seva, na kila baada ya muda ijaribiwe kama inafunguka.

Ikidhihirika kuwa tovuti imevamiwa, isifutwe kwa haraka. Mtoa huduma aarifiwe, ushahidi uhifadhiwe, nywila zote zibadilishwe kwa kutumia kompyuta iliyo safi, ndipo nakala ya zamani irudishwe.

Kwa upande wa familia, tunaomba jambo moja. Muda wote ambao tovuti imezimika, mtu asitume mchango kwa namba mpya iliyosambazwa katika makundi ya simu, hata kama ujumbe umeanza kwa salamu na una picha ya msikiti. Asubiri baada ya swala, amuulize mweka hazina ana kwa ana. Sadaka haitaharibika kwa kungoja mpaka Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.