Upepo hauulizi bei ya kinga

Namna ya kuchagua kinga ya mashindano bila kumaliza feza ya nyumba

Mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, ku Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza yafike Afrika. Kama kijana wako aliyatazama ku televizyo ao ndani ya telefone, labda sasa anaota kinga moja tu: ile yenye vyuma vipana kama kisu, nyaya zote zimefichwa, magurudumu meusi yenye kingo ndefu. Inaitwa kinga ya aerodinamiki, maana yake kinga iliyotengenezwa kusudi ipasue upepo.

Ao labda mwenye kuota ni baba mwenyewe! Anafanya kazi ku mine, ameweka feza kidogo kidogo, na ndugu yake wa Ubelgiji anamwambia: "Tuma franga, nitakununulia." Mama anauliza bei. Anasikia: dola 3,000. Anashika kichwa. Na minerval ya watoto? Na mabati ya nyumba?

Tusimcheke mwenye kupenda kinga. Kinga inajenga mwili, na inampa kijana kazi ya kufanya siku ya mapumziko kupita kukaa ku pombe. Lakini feza ya nyumba ni ya watu wote wa nyumba. Sherti tujue inanunua nini. Mbele ya kutuma hata franga moja, tuelewe kwanza jambo hili: upepo haupigi sana kinga, unapiga mtu aliye juu yake.

Adui ni hewa

Ukitembea kwa miguu, hausikii hewa. Ukipanda kinga na kukimbia, hewa inakuwa kama ukuta. Sababu ni hii: ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Na nguvu unayotoa ku miguu kwa kushinda hewa hiyo inazidi mara nane.

Chukua mtu wa kilo 75 juu ya kinga ya kilo 10, ku barabara ya sawasawa, pasipo upepo. Akienda kilometre 15 kwa saa, hewa inakula karibu nusu ya nguvu yake. Nusu ingine inakwenda ku mipira inayosuguana na barabara. Akifika kilometre 30 kwa saa, hewa inakula karibu robo tatu. Kwa hiyo mwenye kwenda kazini polepole hana faida kubwa ndani ya kinga ya aerodinamiki. Faida inaanza kwa mwenye kukimbia kweli, mbali, ku barabara ya sawasawa, kama vipande virefu vya goudron kati ya Lubumbashi na Likasi. Ku mlima mkali ni uzito unaosumbua kupita hewa.

Sasa angalia tena. Kati ya hewa yote inayokuzuia, karibu robo tatu ao zaidi inapiga mwili wako: kifua, mabega, kichwa, miguu. Kinga yenyewe iko na sehemu ndogo inayobaki. Na wakati unalipa dola elfu nyingi kwa kadre yenye umbo la kisu, unapunguza kipande tu cha ile sehemu ndogo.

Tujifunze kwa walioshinda

Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa segonde 50. Ilibaki kukimbia kilometre 24.5 tu, kutoka Versailles mpaka Paris, kila mtu peke yake na saa yake. LeMond alifunga ku gidoni yake vyuma viwili vya kulaza mikono mbele, na kuvaa kaske yenye mkia. Fignon alikuja kichwa wazi, nywele zake zimefungwa nyuma. LeMond alishinda Tour nzima kwa segonde 8. Watu wanaikumbuka ile gidoni mpaka leo, kwa sababu iliingiza mikono na kifua chake ndani ya nafasi ndogo.

Mwaka 1993 ilikuja habari ingine ya kushangaza zaidi. Graeme Obree, mtu wa Scotland asiyekuwa na feza, alijitengenezea kinga yake mwenyewe. Ndani yake aliweka rulema alizotoa ku mashini ya kufua nguo. Alikunja mikono chini ya kifua, kama mtu anayeteremka ku mlima mkali. Tarehe 17 mwezi wa 7, ku Hamar, Norway, alikimbia kilometre 51.596 kwa saa moja. Alipita rekodi ya Francesco Moser wa Italia, ya kilometre 51.151, iliyokaa tangu 1984. Nyuma ya siku sita Chris Boardman wa Uingereza alimpita naye. Mwaka 1994 wakubwa wa mchezo walikataza namna ile ya kukunja mikono. Lakini fundisho lilibaki: rulema za mashini ya kufua zilitosha, kwa sababu mwili ulikaa vizuri.

Je, tuseme kinga ya bei haina kazi? Hapana. Kwa mwenye kushindana ku Ulaya, segonde 10 zinaweza kumpa mkate, ao kumnyima. Lakini wewe, baba mwenye watoto wane, segonde 10 zinakusaidia nini?

Kinga yenye bei ya haki

Kama nyumba imekubali kununua, basi tuchague vizuri. Angalia mambo haya, na uyafuate kwa mpangilio huu.

1. Kipimo cha mwili wako. Hili linapita yote. Kinga kubwa kupita mwili wako inakulazimisha kusimamisha kifua, na upepo unakupiga wote. Kinga ndogo sana inaumiza magoti na mgongo. Mbele ya kununua, mwambie ndugu wa Ulaya urefu wako na urefu wa miguu yako kwa ndani, kutoka chini mpaka mahali miguu inapokutana. Kila kampuni inaandika ni kipimo gani kinafaa urefu gani. Usikubali kinga kwa sababu tu "iko bei chini".

2. Kadre ya aliminiumu. Watu wanafikiri kinga ya mbio sherti iwe ya karboni. Lakini kuko kinga za aliminiumu zenye vyuma vilivyotengenezwa kwa kupasua upepo, kama vile Allez Sprint ya Specialized na CAAD13 ya Cannondale. Bei yake iko chini ya karboni, na ikianguka inaonyesha kidonda chake: inapinda ao inabonyea. Karboni inaweza kupasuka ndani na wewe hauoni kitu, mpaka siku inakatika na wewe uko kilometre 40 kwa saa.

3. Vitu ambavyo fundi wa kwetu anaweza kutengeneza. Hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Kinga nyingi za aerodinamiki za sasa zinapitisha nyaya zote ndani ya gidoni na ndani ya kichwa cha kadre. Zinapendeza macho. Lakini siku rulema ya kichwa inakufa, fundi sherti afungue karibu mbele yote ya kinga. Tena bomba ya kiti haiko mviringo. Iko na umbo lake, na ya kinga ingine haiingii. Ikivunjika, utaitafuta wapi ku Kolwezi? Chagua bomba ya kiti ya mviringo, gidoni ya kawaida, nyaya zinazoonekana. Utapoteza upepo kidogo sana, lakini kinga haitakaa miezi mitatu ku ukuta ikingoja kipande kutoka Ulaya.

4. Vitesi. Ku kinga nyingi utaona majina ya Shimano: Claris, Sora, Tiagra, 105, kisha Ultegra na Dura-Ace. Kutoka Claris kupanda juu, zote zinafanya kazi. 105 ni mahali pa kusimama kwa mtu wa kawaida. Kupita hapo unalipa wepesi wa gramu. Vitesi vya umeme viache. Vinataka batri na chaja, na courant ya ku cité unaijua wewe mwenyewe.

5. Freni. Kampuni za Ulaya zimehamia ku freni za diski. Kwa hiyo kinga nzuri za freni za zamani, zile zinazobana gurudumu, zinauzwa bei chini ku mkono wa pili. Kwetu hii ni bahati: mipira ya freni hizo inapatikana na fundi yeyote anaijua. Lakini angalia kingo za magurudumu ziwe za aliminiumu. Zile za karboni zinasimama vibaya wakati wa mvua.

6. Magurudumu na mipira. Magurudumu yenye kingo za milimetre 50 ao 60 yanapasua upepo wa mbele vizuri. Lakini upepo wa kando unayasukuma kama bati. Fikiri juu ya malori ya mizigo ya mine yanayokupita karibu, moja nyuma ya ingine. Kila lori linavuta na kusukuma hewa. Gurudumu la mbele lenye kingo ndefu linaweza kukutupa. Chukua kingo fupi, na feza inayobaki nunua mipira mizuri. Hakikisha kadre inapokea mipira ya upana wa milimetre 28 ao zaidi, juu ya mashimo yetu. Mpira mzuri, wenye hewa ya kadiri, unakupa mwendo kwa bei ndogo kupita kadre mpya.

Kama ni ya mkono wa pili

Kinga ya mkono wa pili inaweza kuwa baraka ao mtego. Mwambie mwenye kukununulia afanye hivi:

– Asome numero ya kadre, mara nyingi iko chini ya pedali. Kama imekwaruzwa ao imefutwa, aache. Labda ni kinga ya wizi.

– Kama ni karboni, apanguse matope yote na atazame kwa taa: karibu na pedali, ku kichwa cha kadre, ku uma wa mbele. Agonge polepole kwa sarafu. Sauti ikibadilika na kuwa ya kitu kilichokufa, asilipe.

– Aone kama meno ya mbele yamekuwa makali kama ya samaki. Hapo sheni na meno yote yamekwisha, na utalipa tena.

– Kadre ya jina kubwa inayouzwa kwa bei ya ajabu, mpya, bila karatasi: aogope. Kuko kadre nyingi za uongo zenye majina ya kweli.

Mwendo usiolipiwa

Sasa, ndugu msomaji, hii ndiyo sehemu yenye faida kupita zote, na haiombi dola.

Pandisha kiti mpaka kisigino chako kiguse pedali ya chini na mguu umenyooka. Kisha ukikanyaga na mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo. Shika gidoni, kunja viwiko, teremsha mikono ya chini iwe karibu sawa na barabara. Shusha kichwa kati ya mabega, lakini macho yaangalie mbele. Anza kwa dakika tano, kisha kumi. Mgongo unazoea.

Acha koti inayopeperuka. Vaa nguo inayobana. Shati yenye kujaa upepo ni kama kuvuta tanga. Na kama muko wawili ao watatu, fuataneni karibu, mkibadilishana mbele. Mwenye kuwa nyuma anaokoa nguvu nyingi, mara nyingi robo ao zaidi. Lakini fanyeni hivyo na watu munaoaminiana, na mbali na malori.

Vile vyuma vya kulaza mikono, kama vya LeMond, bei yake si kubwa na vinasaidia sana. Lakini mikono inakuwa mbali na freni. Ni vya mtu peke yake, ku barabara tupu. Katikati ya magari na watoto wanaovuka, usivitumie.

Hesabu ya nyumba

Sasa rudini nyumbani, baba na mama, mukae ku meza moja na karatasi. Andikeni feza ambayo nyumba inaweza kutoa bila kugusa chakula, minerval, na dawa. Gawanyeni sehemu tatu. Sehemu mbili ni za kinga. Sehemu ya tatu ni ya kaske, mipira ya akiba, pampu, transport na dwani. Wengi wanasahau sehemu hii ya tatu. Kinga inafika, inabaki imefungwa, ao mwenye nayo anapanda pasipo kaske.

Kama sehemu mbili zile hazifikie kinga ya aerodinamiki, msilie. Nunueni kinga ya barabara ya kawaida, ya kipimo kizuri, yenye mipira mizuri. Kijana akikunja viwiko vyake juu ya kinga hiyo, atapita mwenzake wa dola 5,000 aliyesimamisha kifua. Na mama hatashika kichwa mwezi wa 9, wakati masomo yanafunguliwa.